Paka amekwisha kufika, wewe ungali unapuliza

Barua za mwezi huu zimeletwa na baridi ya mbali. Moja imetoka Idaho, Marekani, tatu zimetoka kwetu Kivu, na zote zinahusu paka wa mwituni. Nimezijibu pamoja. Ya kwanza imekula karibu ukurasa wote, mnisamehe.

BARUA YA KWANZA

Jambo Papa. Mimi ni mtoto wa Ndosho, Goma, sasa niko Twin Falls, jimbo la Idaho, nakamua ng'ombe zamu ya usiku. Wenzangu wa kazi wanawinda bobukati wakati wa theluji, yule paka-mwitu wa huku mwenye mkia mfupi. Wanamwita kwa sauti ya sungura anayelia. Nimepata leseni, nimenunua filimbi na mashine ya sauti. Naketi, napuliza dakika 15 kama wanavyoonyesha kwenye video, halafu nahamia mahali pengine. Wanakuja koyote, wale mbwa-mwitu wadogo wa huku, au hakiji kitu. Ajabu ni kwamba nikiinuka kuondoka, mara nyingine naona nyayo mpya za paka nyuma yangu. Nakosea wapi?
Mtoto wa Ndosho

*Jibu*

Mwanangu, mtu anayeona nyayo mpya nyuma yake hana shida ya kuita. Umeita, paka amekuja, amekutazama mpaka akatosheka, na wewe hukumwona. Kwa hiyo nitasema kidogo juu ya filimbi na nitasema sana juu ya macho.

Niliishi Twin Falls miaka mingi kabla ya kurudi Himbi, hapa Goma, nami nilikuwa kwenye maziwa kama wewe. Aliyenifundisha ni mfugaji mmoja jirani, mzee wa maneno machache, aliyevaa kofia ileile kiangazi na kipupwe. Nilipomwomba aniongoze aliniuliza kitu kimoja tu: naweza kukaa saa nzima bila kujikuna? Nikamweleza habari za mjomba wangu wa Walikale. Mjomba alikuwa akibana pua kwa vidole viwili na kutoa sauti nyembamba ya puani, sauti ya mboloko, yule paa mdogo wa msituni, aliyekamatwa, na mboloko wengine walikuja mbio hadi miguuni kwake. Mimi mtoto nilikaa nyuma yake, ole wangu nikikohoa. Yule mzee alicheka, akanipa filimbi. Usidhani basi kwamba sanaa hii imeanza na wazungu na mashine zao.

Lakini mboloko huja haraka, na koyote pia huja haraka. Video ulizotazama zilitengenezwa kwa ajili ya koyote, ndiyo maana zinakuambia dakika 15. Paka wa kule anakuja kama mteja wa soko la Birere aliyekwishapenda kitu na hataki muuzaji ajue: anakiona toka mbali, anazunguka, anajifanya hana haja nacho, anakaa pembeni. Mpe dakika 45. Kama nyayo ulizoziona ni za usiku uleule, mpe saa nzima. Ukishindwa kukaa saa nzima, windia koyote, si aibu.

Na katika muda huo wote sauti isikatike. Koyote ukinyamaza yeye anaendelea, mahali penyewe ameshapaweka kichwani. Paka sauti ikikatika huketi, hulamba mguu, na hamu inamtoka. Anza chini kabisa, maana huenda yuko kwenye jiwe la mita 50 tu na kelele ya ghafla itamfukuza. Dakika chache baadaye pandisha. Hapa ndipo nakubali mashine, ingawa moyo wangu uko kwenye filimbi: mashine haichoki pumzi. Faida yake ya pili ni kubwa zaidi. Unaweza kuiweka mita 20 au 30 mbali nawe, mahali peupe, na macho ya paka yakaenda huko badala ya kuja kwako.

Karibu na mashine chomeka kijiti, ufunge unyoya kwa uzi mwembamba, upepo uuchezeshe. Paka huwinda kwa masikio na macho kuliko kwa pua. Sauti inamleta, unyoya ndio unaomshika. Tumia unyoya wa kuku au wa bata mzinga. Wa tai au wa mwewe usiuokote hata ukiukuta umelala njiani, sheria ya Marekani inakataza kuwa nao.

Sauti ipi? Sungura mdogo wa vichakani anatosha. Pale ambapo wawindaji ni wengi, paka amemsikia huyo sungura tangu Desemba na amejifunza. Badilisha, weka ndege, hasa kigong'ota aliyekamatwa. Ni kelele mbaya, inaumiza masikio, na paka huipenda.

Sasa mahali. Wewe umejifunza kutembea juu ya mawe ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto, kwa hiyo nchi ile isikutishe. Kusini mwa Idaho ni uwanda wa lava, uliofunikwa na vichaka vya kijivu vyenye harufu kali. Tofauti ni umri. Pale Craters of the Moon, kaskazini-mashariki mwa mji wako, lava ya mwisho iliganda miaka kama 2,000 iliyopita. Yetu ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani, na ya Mei 2021 ilisimama ukingoni mwa nyumba zetu. Kule mawe yamepata muda wa kupasuka, kuporomoka, kufanya mapango. Paka anaishi humo. Utafiti wa kusini-mashariki mwa Idaho uliochapishwa mwaka 1974 ulionyesha kwamba dume huzunguka eneo la takriban kilomita za mraba 40, na jike karibu nusu ya hapo, na kwamba malundo ya mawe ndiyo kimbilio lao hali ya hewa ikiwa mbaya. Piga hesabu mwenyewe: ukiita leo penye mawe mazuri asije mtu, huenda mwenyewe yuko upande wa pili wa nchi yake. Mahali hapana kosa. Rudi baada ya siku kadhaa.

Fuata kingo za miamba, pale jiwe linaposhuka na vichaka vinapoanza. Na usimtafute paka, mtafute sungura. Theluji ikianguka, ngoja usiku mmoja wanyama wapite wote, kisha nenda usome. Hakuna nyayo za sungura? Washa gari uondoke, hata kama mwamba ni mzuri wa kupiga foto. Nyayo ya paka ni ya mviringo, upana kama sentimita 5, haina alama za kucha kwa sababu kucha anazificha, na nyuma ya kisigino ina mafundo matatu. Ya koyote ni ndefu na kucha zinaonekana mbele. Paka pia huweka mguu wa nyuma palepale alipoinua wa mbele, ukitazama njia yake utasema amepita mnyama wa miguu miwili.

Kabla sijasahau: Craters of the Moon ina sehemu ambazo kuwinda hakuruhusiwi, na mashamba kando ya mto Snake yana wenyewe. Bisha hodi, omba ruhusa. Mkongomani anayebisha hodi mlangoni kwa mfugaji wa Idaho saa mbili asubuhi, kofia mkononi, anapata ruhusa mara nyingi kuliko unavyofikiri. Wengine wataongezea na kahawa.

Ukifika, egesha gari nyuma ya kilima. Mlango usiubamize. Nenda bila kuzungumza. Jua liwe mgongoni kwako, limpige yeye machoni. Keti mbele ya kichaka, kivulini, si nyuma yake. Wengi hujificha nyuma, halafu kila dakika wanachungulia kushoto, wanachungulia kulia, na kichwa kinachochungulia huonekana toka mbali. Ukiwa mbele ya kichaka, umbo lako linamezwa na matawi na macho yako yako huru. Upepo uvuke mbele yako kutoka ubavuni. Paka hajali sana harufu, lakini koyote atakayefika kabla yake anajali, akikunusa atakimbia na kuharibu asubuhi yako.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kabla ya sauti yoyote, dakika 5 nzima, tazama mawe yaliyo mbele yako mpaka uyajue moja moja. Lile refu, lile lenye theluji kichwani, yale mawili yaliyoegemeana. Baadaye jiwe likiongezeka, hilo lina masikio.

Anayetafuta paka mzima hamwoni. Manyoya yake ni kijivu na hudhurungi yenye madoa, na juu ya lava yenye viraka vya theluji anapotea ukiwa unamtazama. Tafuta kipande. Ncha mbili za masikio juu ya ukingo. Mstari wa mgongo uliolala mahali ambapo matawi yote yamesimama. Nyuma ya sikio ni nyeusi, ina doa jeupe, na doa hilo likigeuka utaliona kuliko mwili wote. Mkia ni mfupi lakini ndio msaliti wake: anaweza kutulia tuli, kope hazichezi, mkia ukawa unatikisika.

Na anza karibu. Kosa la watu wenye darubini ni kutazama mita 200 huku paka ameketi mita 25. Gawa nchi iliyo mbele yako vipande, pita kila kipande polepole kutoka karibu kwenda mbali, kisha rudi mwanzo. Kichwa kigeuke polepole mpaka shingo ilalamike. Nyayo ulizoziona nyuma yako zinaniambia kitu kingine pia: nyuma hukutazama. Tafuta mahali ambapo nyuma kuna ukuta wa mwamba au mteremko mtupu ambao hakuna anayeupenda.

Ukimwona, usifanye lolote. Akikutazama, wewe ni jiwe. Ngoja macho yarudi kwenye unyoya, yatarudi, ndipo bunduki ipande, taratibu. Akisimama kutaka kuondoka, fyonza kwa midomo sauti ya panya. Mara nyingi ataketi tena.

Kumbuka kwamba mwili ni mdogo kuliko manyoya. Wengi wana kilo 7 hadi 14, na manyoya ya kipupwe yanamfanya aonekane mnyama mkubwa wa kutisha. Lenga mwili, si manyoya. Na tazama kilicho nyuma yake. Risasi ikigonga lava hujui itaelekea wapi, kwa hiyo kama nyuma ni jiwe tupu, mwache. Mimi niliwaacha wengi kwa sababu hiyo na sikulala njaa.

Kuna wengine wanaosikia sungura wako. Puma, paka mkubwa wa kule, anasikia, sababu nyingine ya kuwa na mwamba mgongoni. Mwindaji mwenzako anasikia, na huyo namwogopa kuliko puma: anamnyemelea sungura, na sungura ni wewe uliyevaa nguo za madoa. Ukimwona mtu, usimpungie mkono. Sema kwa sauti kubwa. Na unapotembea vaa kofia ya rangi ya chungwa, ukiketi ndipo uivue.

Baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri haikuhurumii kwa kuwa umetoka chini ya ikweta. Filimbi yenye ulimi wa chuma huganda kwa mate yako, ghafla inanyamaza. Yenye ulimi wa plastiki inavumilia zaidi. Kuwa na mbili, moja ikilala ndani ya shati ipate joto la mwili, na betri za mashine zilale hapohapo. Nguo za pamba zilizolowa jasho zitakugandisha ukishaketi, vaa sufu. Kalia kipande cha godoro. Hayo tu, mengine miguu itakufundisha.

Sheria sasa, kwa kifupi, ingawa umesema leseni unayo. Idaho, aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1975 lazima apite darasa la usalama wa uwindaji. Mimi ni wa zamani zaidi ya hapo, hawakunilazimisha, nikaenda nikakaa na watoto wa shule ya msingi, na watoto walinishinda kwenye mtihani. Msimu wa paka hufunguliwa katikati ya Desemba, hufungwa katikati ya Februari. Kipupwe ndipo manyoya yamekomaa. Baada ya hapo majike wana mimba ya siku 60 na kitu, na watoto huanza kuzaliwa Aprili. Ngozi yoyote unaipeleka ofisi ya wanyamapori ya jimbo ifungwe lakiri. Kitabu cha kanuni hubadilika, chukua kipya.

La mwisho, ukisafiri kaskazini kwenye milima. Kuna ndugu yake, linksi wa Kanada, ambaye analindwa na sheria ya nchi nzima tangu mwaka 2000. Tazama mkia: wa linksi ncha ni nyeusi pande zote, wa bobukati ni nyeusi juu na nyeupe chini. Linksi ana miguu ya nyuma mirefu, nyayo kubwa mno kwa mwili wake, na vishungi virefu masikioni. Ukiwa na shaka kidogo tu, kaa umtazame aende zake.

BARUA YA PILI

Papa, salamu nyingi kutoka Katindo. Mwanangu aliye Marekani amenitumia foto ameshika mnyama mwenye madoa, amekufa. Niliwaonyesha wamama wa kwaya, wakashtuka, wakasema huyo ni chui na ngozi ya chui ni ya mwami, mfalme wa jadi, mtoto atajiletea balaa. Mimi najiuliza lingine. Ananiambia wengi kule hawamli. Kwa nini waue wasichokula?
Mama wa Katindo

*Jibu*

Mama, waambie wamama wa kwaya watulie. Huyo si chui. Chui dume anaweza kupita kilo 60, huyu wa mwanao hafiki robo ya hapo. Mwami wetu hajaibiwa kitu.

Swali lako la pili ni zito, na Wamarekani wenyewe hawajalimaliza. California ilisimamisha uwindaji wa paka huyu kuanzia mwaka 2020. Novemba 2024 wapiga kura wa Colorado waliulizwa kama upigwe marufuku kwao, pamoja na uwindaji wa puma, wakakataa marufuku. Si kwamba mnyama anaisha: makadirio yaliyochapishwa 2010 yalisema wako kati ya milioni 2.3 na 3.5 nchini humo. Ugomvi ni uleule ulioandika wewe. Wanaomwinda wanauza ngozi, na ngozi nzuri ya magharibi, yenye tumbo jeupe la madoa, imewahi kulipa vizuri sana. Wanaopinga wanasema koti si chakula.

Mimi nilimla. Nyama yake ni nyeupe, laini kuliko nilivyotegemea, nikaipika na nyanya na pilipili, mke wangu akakataa kukaa mezani. Kwa hiyo usimwambie mwanao hawaliwi. Mwambie apike mpaka iive kabisa, isibaki na wekundu, kwa sababu wanyama wanaokula nyama hubeba minyoo iitwayo trikinela, na nyama ikiwa mbichi kidogo minyoo hiyo inahamia kwa mlaji. Ukiniuliza mimi: anayeuza ngozi na kula nyama nakaa naye. Anayeua kwa ajili ya foto na kuacha mzoga kwenye theluji, sipandi gari lake. Muulize mwanao yeye ni yupi. Wewe ni mama, una haki ya kuuliza.

BARUA YA TATU

Mzee, niko Sake. Nimeona video za watu wanaoita paka kwa filimbi. Hapa milimani kuna mondo na kimburu wanaokula kuku wetu. Naweza kuchonga filimbi kama hiyo niwaite huku kwetu? Nitaanzia upande wa hifadhi, wako wengi.
Kijana wa Sake

*Jibu*

Hapana.

Ningeishia hapo lakini mhariri anataka sababu. Ya kwanza: Virunga ni hifadhi tangu mwaka 1925, ndani yake hakuna uwindaji wa aina yoyote, na nje yake sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inataka kibali. Huna. Ya pili: walinzi wa ICCN, taasisi ya serikali inayolinda hifadhi, wana silaha, na si wao tu wenye silaha katika milima hiyo. Ukijificha kichakani asubuhi ukilia kama mnyama aliyekamatwa, hujui ni nani atakayekuja kutazama, wala hujui atakuwa na haraka kiasi gani ya kufyatua. Nimekwisha kumwambia mwenzako wa Idaho kwamba namwogopa mtu kuliko puma, na kule watu wamevaa kofia za chungwa.

Ya tatu ni ya kuku wako. Mondo chakula chake hasa ni panya. Kila mwaka anakulia panya wa mahindi bila kukudai, halafu siku moja anachukua kuku na wewe unaandika barua gazetini. Jenga banda lenye mlango, funga jioni, inua sakafu juu ya mawe. Mawe Sake hamkosi.

Kama ni sanaa ya kuita inayokuvuta, kuna njia halali. Watafiti wa misitu ya Kongo hutumia ile sauti ya puani ya mjomba wangu kuita mboloko ili wawahesabu, na wanahitaji watu wanaoijua. Mjomba alisema siku nyingine badala ya mboloko alitokea chui. Anza kwa kujifunza kuketi.

BARUA YA NNE

Papa, mimi ni fundi wa kushona, Kadutu, Bukavu. Shemeji yangu yuko Idaho, anataka kunitumia ngozi ya paka wa theluji nishone kofia na mikoba. Anasema ataikunja ndani ya sanduku la nguo la rafiki anayerudi Desemba. Kuna shida?
Fundi wa Kadutu

*Jibu*

Kuna shida, fundi, na itakayompata si shemeji, ni huyo rafiki mwenye sanduku. Paka wote wa mwituni wamo katika CITES, mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya mwituni, na huyu yuko kwenye orodha ya pili tangu 1977. Maana yake si kwamba ngozi haiuziki. Inauzika na inasafiri, lakini kwa karatasi. Ngozi iwe na lakiri ya jimbo ilipowindwa, na itoke Marekani na kibali cha kusafirisha cha idara ya wanyamapori ya serikali kuu yao, U.S. Fish and Wildlife Service. Bila hivyo inakamatwa uwanja wa ndege, na mchukuaji anaulizwa maswali ambayo hawezi kuyajibu kwa sababu aliambiwa ni nguo.

Tena tazama upande wa kwetu. Ngozi yenye madoa ikifika mpakani mikononi mwa mtu asiye na karatasi, hakuna afisa atakayekaa kulinganisha mkia. Atasema chui, na chui kwetu analindwa kabisa. Hata ukishamaliza kushona, mteja wako atakayevuka Rusizi na mkoba huo begani atapata shida ileile.

Mwambie shemeji aombe kibali kwanza, katika jina lake, kabla ya tiketi ya rafiki kununuliwa. Kama kibali kinachelewa, auze ngozi hukohuko akutumie fedha, nawe ununue ngozi ya mbuzi Kadutu. Na kofia za manyoya, fundi, Bukavu utamuuzia nani?